Ndani ya Chupa Hiyo Kuna Nini?

Basi limesimama stendi ya Masasi. Jua la Oktoba linawaka, abiria mmebanana, na kabla dereva hajazima injini madirisha yameshajaa mikono. "Maji baridi! Maji baridi! Jero, jero!" Unatoa shilingi 500 yako, unapewa chupa ya nusu lita inayotoka jasho, unafungua na kunywa mpaka nusu bila kupumua. Halafu ndiyo safari ya kupanda kwenda Newala inaanza.

Sasa hebu tukuulize. Umekunywa nini?

"Maji," utajibu. Sawa. Lakini maji ya wapi? Nani aliyasafisha, na kwa njia gani? Nani alimkagua huyo aliyeyasafisha? Ulijuaje kwamba chupa ile ilikuwa inafunguliwa kwa mara ya kwanza? Kama uko kama wengi wetu, ulitazama mambo mawili tu: yana ubaridi, na yanang'aa. Na yote mawili hayakwambii lolote kuhusu usalama wake. Vijidudu vya kipindupindu havionekani kwa macho, na maji yanayong'aa kama kioo yanaweza kuwa navyo.

Hatusemi uache kununua maji ya chupa. Wala hatusemi kwamba ndiyo maji bora kuliko yote duniani, kama matangazo yanavyotaka uamini. Tunachotaka ni uijue hiyo chupa.

Kununua maji si jambo geni hapa

Wazee wetu wa uwanda wa Makonde wamenunua maji kabla hujazaliwa. Ukitaka kujua sababu, nenda Newala, simama pale Shimo la Mungu utazame chini. Bonde la Ruvuma liko mbali kule, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Maji yako kule chini. Wewe uko huku juu.

Udongo wa uwanda huu ni wa kichanga na miamba yake hupitisha maji. Mvua ikinyesha, ardhi inaimeza. Hakuna mto unaotiririka juu ya uwanda. Maji yanazama mpaka yakutane na tabaka lisilopitisha, kisha yanatokeza kandokando, chini ya miteremko, kama chemchemi. Ndiyo maana Ndanda kuna chemchemi. Ndiyo maana chanzo cha Mitema kiko bonde la Kitangari, na maji yake lazima yasukumwe kwa pampu kupanda mlima. Wenzetu wa Masasi mjini, ambao hasa wako chini ya uwanda katikati ya yale majabali makubwa, wanapata maji ya chemchemi za Mbwinji, na bomba hilo linafika mpaka Nachingwea.

Mwaka 1906 mtafiti Mjerumani aitwaye Karl Weule alikaa Newala na kuandika jinsi maji yalivyobebwa kutoka mabondeni. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake na wasichana, na katika vijiji vingi imeendelea kuwa yao. Miaka ya 1950 likaanzishwa shirika la maji la Makonde, maji yakapandishwa kwa pampu na kuuzwa kwa debe. Kuanzia miaka ya 1970 Serikali ya Finland ilisaidia kujenga miradi ya maji Mtwara na Lindi kwa miaka mingi. Lakini pampu inahitaji nguvu, na inaharibika. Siku pampu inaponyamaza, kila mtu anarudi kwenye maji ya mvua aliyoyaweka kwenye shimo lililosakafiwa kwa saruji, au kwa mwenye baiskeli na madumu yake.

Kwa hiyo bibi yako alipolipa senti zake kwa debe la maji, alijua analipia nini. Alilipia kupandishiwa maji mlimani. Wewe unapolipa shilingi 500 kwa nusu lita, unalipia nini?

Piga hesabu kidogo. Nusu lita ni shilingi 500, basi lita moja ni 1,000. Ndoo ya lita 20 kwa bei hiyo ni shilingi 20,000! Hakuna mtu Newala angekubali kununua ndoo kwa bei hiyo, hata kiangazi cha mwisho wa dunia. Lakini tukigawiwa kidogo kidogo kwenye plastiki, tunalipa bila kunung'unika.

Maji yaliyomo yametoka wapi?

Kwenye karatasi ya chupa utaona picha ya mlima, au tone kubwa la buluu, au maporomoko. Picha si ushahidi. Sehemu kubwa ya maji ya chupa huanza maisha yake kama maji mengine yoyote: yametoka kisima kirefu, chemchemi, au hata bomba la mji. Huku kwetu watawa Wabenedikto wa Ndanda wanafunga maji ya chemchemi. Viwanda vingine nchini vinatumia visima vilivyochimbwa palepale uani.

Wala usicheke ukisikia "bomba". Si aibu. Jambo la maana ni kazi inayofanyika baada ya hapo. Kiwanda kinachojali hupitisha maji kwenye mchanga ili kuondoa takataka, kisha kwenye mkaa maalumu unaonasa harufu na kemikali kadhaa. Viwanda vingi huyasukuma pia kwa nguvu kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, kiasi kwamba hata chumvi nyingi hubaki nyuma. Mwisho maji humulikwa kwa mionzi ya urujuanimno au hutiwa hewa ya ozoni ili kuua vijidudu vilivyobaki. Hapo ndipo yanajazwa kwenye chupa na kufungwa.

Hiyo ndiyo bidhaa unayonunua: usafishaji, kufungwa vizuri, na ahadi kwamba mtu amepima. Maji yenyewe ni sehemu ndogo ya bei.

Kuna neno moja linalowachanganya watu. Chupa nyingine zimeandikwa kwa Kiingereza "mineral water", nyingine "drinking water". Ya kwanza kwa haki inatakiwa kuwa maji ya ardhini yenye madini yake ya asili, yaliyofungwa bila kubadilishwa. Ya pili ni maji ya kunywa tu, yaliyosafishwa, na pengine kuongezwa chumvi kidogo ili yawe na ladha. Mitaani tunaziita zote "maji ya madini", na wapo wanaosema ati yanaongeza damu na nguvu. Tazama jedwali dogo kwenye karatasi. Tuseme limeandika kalsiamu miligramu 10 kwa lita. Kijana wa umri wako anahitaji kama miligramu 1,300 kwa siku. Ungehitaji kunywa lita 130! Kalsiamu iko kwenye dagaa unaowatafuna na mifupa yao, kwenye maziwa, na kwenye majani kama kisamvu na mchicha. Maji kazi yake ni maji.

Hata viwanda vikubwa hukosea

Mwaka 1990 kampuni ya Perrier ya Ufaransa ililazimika kuondoa sokoni chupa kama milioni 160 duniani kote. Maji yale yalikuwa na jina la kifahari kuliko yote. Wapimaji wa jimbo la North Carolina huko Marekani walikuta ndani yake benzini, kemikali inayoweza kusababisha saratani ikitumiwa kwa muda mrefu. Ilikuwa kidogo sana, lakini haikutakiwa kuwemo. Chujio la kiwandani lilikuwa halijabadilishwa kwa wakati wake.

Kisa cha pili kinafundisha zaidi. Februari 2004 Coca-Cola walianza kuuza maji ya Dasani nchini Uingereza. Magazeti yakagundua kwamba yalitoka bomba la mji pale Sidcup, pembezoni mwa London, kisha yakasafishwa kiwandani. Watu wakacheka sana. Lakini la kuchekesha halikuwa ndilo la hatari. Kiwandani waliongeza chumvi ya kalsiamu ambayo ilikuwa na bromaidi kidogo ndani yake. Maji yalipotiwa ozoni ili kuua vijidudu, bromaidi ile ikageuka kuwa bromati, kitu kinachoshukiwa kuleta saratani. Kiwango kilichoruhusiwa kilikuwa mikrogramu 10 kwa lita, na chupa nyingine zilikutwa na mara mbili yake. Machi 2004 chupa kama 500,000 zikaondolewa madukani.

Umeona mchezo? Maji ya bomba yaliingia kiwandani yakiwa salama. Yakatoka na bromati.

Makosa yote mawili yaligunduliwa kwa sababu kulikuwa na mtu mwenye kazi ya kupima. Hapa Tanzania mtu huyo ni Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, lililoanzishwa mwaka 1975. Kati ya mwaka 2003 na 2019 vyakula na vinywaji vilikaguliwa pia na TFDA, lakini tangu 2019 kazi ya usalama wa chakula imehamia TBS. Kwa hiyo kama kitabu chako cha zamani kinasema "angalia TFDA", mambo yamebadilika. TBS wana ofisi ya Kanda ya Kusini Mtwara mjini, na malalamiko kuhusu maji yenye mashaka yanapelekwa huko, au kwa afisa afya wa wilaya yako.

Soma chupa kabla ya kuifungua

Muuzaji atakuharakisha, na basi nalo linataka kuondoka. Hata hivyo sekunde kumi zinatosha.

Tafuta alama ya ubora ya TBS. Tafuta jina la kiwanda na mahali kilipo, maana chupa isiyosema imetengenezwa wapi haina mtu wa kumlalamikia. Tafuta namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Watu huuliza, maji yanaozaje? Maji hayaozi. Ila plastiki na kifuniko vinachoka, harufu za nje zinapenya, na kiwanda hakiwezi tena kukuhakikishia kilichomo.

Kisha shika kifuniko. Chini yake kuna pete ya plastiki iliyoshikana nacho kwa vijipini vidogo. Ukizungusha, vijipini vinakatika na unasikia "krak". Kama pete imeshaachana na kifuniko, au kifuniko kinazunguka laini bila sauti, usinywe. Pindua chupa juu chini uibonyeze. Ikitoa hata tone moja, mrudishie mwenyewe. Kumrudishia mtu chupa yake si kumtukana. Sema tu kwa adabu, "Kaka, hii imeshafunguliwa, naomba nyingine."

Lakini tusidanganyane. Karatasi yenye alama nzuri inaweza kuchapishwa na mtu yeyote mwenye mashine. Pete ya kifuniko ndiyo ngumu zaidi kuigiza, ndiyo maana tunaisisitiza. Na yale maji ya kufungwa kwenye mfuko wa plastiki, wengine wanayaita kandoro, hayana pete, hayana jina, hayana tarehe. Aliyeyafunga pengine alipuliza mfuko kwa mdomo ili ufunguke. Hayo unayanunua kwa imani tupu.

Chupa ya mara ya pili

Hapa ndipo tunakuomba usome polepole, maana hatari kubwa ya chupa huku kwetu mara nyingi haitoki kiwandani. Inaanza siku chupa ilipokwisha maji yake ya kwanza.

Chupa tupu ni mali. Hakuna mtu wa kijijini anayeitupa bila sababu. Inawekwa mafuta ya taa, asali, pombe, mafuta ya kula. Pembeni mwa barabara utaziona zimepangwa mezani zikiwa na petroli ya bodaboda, rangi ya dhahabu kama juisi. Msimu wa kupulizia mikorosho ndiyo mbaya zaidi. Mkulima ananunua dawa ya maji dhidi ya ubwiri unga au wadudu, na jirani anamwomba kidogo. Wanagawana. Kwa chombo gani? Chupa ya maji.

Sasa fikiria mdogo wako wa miaka mitatu. Anaijua chupa ile. Siku zote akiiona anapewa maji. Leo iko chini ya kitanda au imening'inia ukutani, na kilichomo kinafanana na maji, au kina weupe kama maziwa. Atafanya nini?

Mtoto au mtu yeyote akinywa mafuta ya taa, petroli au dawa ya mikorosho, usimtapishe. Petroli na mafuta ya taa yakirudi juu yanaingia kwenye mapafu na kuleta madhara makubwa kuliko yaliyo tumboni. Usimlazimishe kunywa maziwa wala mafuta ya kula, hata kama majirani wote wanapiga kelele kwamba ndiyo dawa. Kama imemmwagikia, mvue nguo na umwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni. Mkimbize hospitali, iwe ya wilaya Newala, Mkomaindo ya Masasi, Ndanda, au kituo cha afya kilicho karibu zaidi. Beba na chupa yenyewe, na kopo la awali la dawa kama lipo. Daktari akijua ni dawa gani, anaokoa dakika nyingi.

Na chupa iliyowahi kuwekwa vitu hivyo haisafishiki. Plastiki hunyonya mafuta na dawa. Utaiosha kwa sabuni na majivu mpaka harufu ipotee, lakini kilichozama ndani ya plastiki kitaendelea kutoka taratibu kwenye maji utakayoweka. Itoboe, ili mtu mwingine asiiokote na kuitumia. Usiichome jikoni, moshi wa plastiki nao ni sumu.

Kuna pia wale wanaojaza chupa za kuokota maji ya kawaida, wakazipoza na kuziuza stendi. Hao ndio pete ya kifuniko inayowafichua. Ukimaliza maji yako safarini, usiitupe chupa nzima dirishani. Iponde kwanza, uipinde, halafu uiweke kwenye pipa.

Jua, plastiki na maneno ya mitaani

"Maji ya chupa yakikaa juani yanaleta kansa." Bila shaka umesikia. Ukweli uko katikati.

Chupa nyingi zimetengenezwa kwa plastiki iitwayo PET. Geuza kitako utaona pembetatu yenye namba 1. Katika kuitengeneza hutumika madini ya antimoni, na kiasi kidogo sana huweza kuhamia kwenye maji. Joto likiwa kali, kama ndani ya gari lililofungwa juani kwa wiki nyingi, kiasi hicho kinaongezeka na ladha inabadilika. Katika hali ya kawaida kinabaki chini ya kiwango kinachoruhusiwa na Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo chupa iliyopata jua la siku moja haikuui. Ila muuza duka anayezirundika nje juani msimu mzima anaharibu bidhaa yake, na una haki ya kuomba ya ndani.

Jingine ni chembe ndogo za plastiki zisizoonekana. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walipima chupa 259 zilizonunuliwa nchi mbalimbali, na katika chupa 93 kwa kila 100 walizikuta. Mwaka 2024 wengine, wakiwa na vifaa vya kuona vitu vidogo zaidi, walihesabu wastani wa chembe 240,000 katika lita moja. Nyingine zinatoka kwenye chupa yenyewe na kifuniko chake, nyingine kwenye utando wa kusafishia. Zinafanya nini mwilini? Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema ushahidi uliokuwepo haukutosha kuonyesha madhara, likataka utafiti zaidi. Utafiti unaendelea.

Linganisha na hatari tuliyonayo leo. Mwaka 1997 pekee Tanzania ilipata wagonjwa wa kipindupindu zaidi ya 40,000, na zaidi ya 2,000 walikufa. Kipindupindu hakisubiri miaka ishirini, kinaua kwa siku moja. Ukiwa na kiu na huna maji mengine salama, kunywa ya chupa bila woga wa plastiki.

Chupa yako, maji yako, jua la Newala

Kuna njia ya kuitumia chupa ileile ya PET kusafisha maji nyumbani bila kuni wala mkaa. Mwaka 1980 Aftim Acra na wenzake wa chuo kikuu cha Beirut, Lebanoni, walichapisha taarifa kwamba jua peke yake linaua vijidudu ndani ya chombo kinachopitisha mwanga. Tangu mwaka 1991 wataalamu wa Uswisi waliiendeleza njia hiyo na kuieneza nchi nyingi.

Chukua chupa isiyo na rangi, isiyokwaruzwa sana, isiyozidi lita mbili, ambayo una hakika haijawahi kuwekwa kitu kingine ila maji. Ioshe kwa sabuni. Jaza maji maangavu. Je, ni maangavu vya kutosha? Simamisha chupa juu ya ukurasa huu, chungulia kutoka mdomoni mpaka kitakoni. Kama unasoma kichwa cha somo hili, yanafaa. Kama husomi, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, uyaache yatulie, ujaribu tena. Funga, laza chupa juu ya bati asubuhi, na uiache saa sita zenye jua. Mawingu yakifunika anga siku nzima, iache siku mbili mfululizo. Siku za mvua isiyokatika, usitegemee njia hii.

"Mbona mmesema jua linaharibu maji ya chupa?" Swali zuri. Chupa hii inakaa saa sita, si miezi sita, na maji yake hayafikii joto la ndani ya gari lililofungwa. Wataalamu wamepima, na kinachotoka kwenye plastiki ni kidogo mno. Ila chupa ikichakaa na kuwa na ukungu, badilisha.

Kunywa kutoka chupa ileile, au mimina kwenye kikombe safi. Ukiyamwaga kwenye ndoo ambayo kila mtu anachota kwa kata yake, umerudi pale ulipoanza.

Anayeweza kuchemsha, achemshe. Maji yakitokota kwa mapovu makubwa vijidudu vimekufa. Kuyaacha yatokote nusu saa ni kuunguza mkaa wa mama bure. Klorini ya dukani kama WaterGuard nayo inafanya kazi ukifuata kipimo kilichoandikwa.

Lakini elewa mpaka wa njia hizi. Jua, moto na klorini vinaua vijidudu. Haviondoi chumvi. Haviondoi floridi, ile inayotia rangi meno ya wenzetu wa upande wa Arusha, ambako visima kadhaa vinapita mbali kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita. Wala haviondoi dawa ya mikorosho.

Na hilo linatuhusu sisi tunaokinga mvua. Kuanzia kama Juni mpaka Septemba mashamba yanapulizwa salfa na dawa nyingine. Vumbi linapaa na kutua popote, pamoja na juu ya bati lako, na kinyesi cha ndege na majani makavu vinaongezeka juu yake. Mvua za kwanza za Novemba au Desemba zinaliosha bati lote na kulipeleka moja kwa moja kwenye shimo la maji ya kunywa. Usiyapokee. Geuza gata, acha rasharasha za kwanza zimwagike nje mpaka bati litakate, kisha ndipo uelekeze maji shimoni. Shimo lenyewe lifagiliwe kabla ya msimu, na liwe na mfuniko. Kama nyumbani wanaona unapoteza maji ya Mungu, wakingie mvua ya kwanza kwenye beseni jeupe, waone rangi yake.

Kazi kwa klabu ya afya ya shule

Kusanyeni chupa tupu kumi kutoka sehemu tofauti: stendi, sokoni, uwanja wa mpira, nyumbani. Vaeni glavu, au mfuko mkononi, na msinuse wala kuonja kilichobaki ndani. Chupa yoyote yenye kimiminika chenye rangi au harufu iachwe palepale na mwalimu aarifiwe. Chorea jedwali daftarini: jina la kiwanda, mahali, alama ya TBS, tarehe, namba ya toleo, kalsiamu, na kama pete imebaki shingoni. Halafu hesabuni ni ngapi zinajibu maswali yote. Zile zisizojibu, andikeni zilipookotwa na mpelekeeni afisa afya orodha hiyo pamoja na chupa zenyewe.